Bastola Juu ya Farasi

Msomaji, yamkini umepata kuuona ule mchezo wa kompyuta ambao watu mia au zaidi, kila mmoja akiwa katika mji wake, hukutana kupigana vita vya kale. Huyu huwa askari wa miguu, yule hupiga mzinga, na wa tatu hupanda farasi. Wanaoitengeneza michezo ya namna hiyo wana taabu moja isiyokwisha. Wakimpa mpanda farasi bastola yenye nguvu nyingi, hapana mchezaji atakayekubali kuwa kitu kingine. Atakuja mbio, atapiga, atakwenda zake mbio, na askari wa miguu watakuwa kama vifaranga mbele ya mwewe. Wakiipunguza nguvu mno, bastola hugeuka pambo la tandiko, wala hapana aichukuaye. Kwa hiyo hukaa wakipima: risasi ifike hatua ngapi, ipenye deraya au isiipenye, kushindilia kuchukue muda gani, na mkono utikisike kiasi gani farasi aendapo shoti. Wakikosea leo, kesho hubadili tarakimu chache na mambo huendelea.

Swali lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Majemadari wa Ulaya walilihangaikia kwa zaidi ya miaka 300, nao hawakuwa na tarakimu za kubadili. Jemadari aliyekosea mizani hiyo alilijua kosa lake jioni, wakati wa kuhesabu maiti, ikiwa yeye mwenyewe hakuwa mmoja wao. Katika kurasa hizi tutaifuata habari ya bunduki juu ya farasi tangu ilipoanza, tupate kuona ni kitu gani hasa kilichokuwa kikipimwa.

Kwanza fikiri ugumu wa kazi yenyewe. Bunduki za mkono za zamani ziliwashwa kwa utambi, yaani kamba iliyolowekwa katika shura, ikawa inafuka moto polepole kama ubani. Askari wa miguu aliushika utambi wake, akaupuliza usizimike, akaukaza mahali pake, akafungua kidau cha baruti, akapiga. Kazi hiyo ilitaka mikono miwili na akili iliyotulia. Sasa mpandishe mtu huyo juu ya farasi. Mkono mmoja umeshika hatamu. Mnyama anatupa shingo huku na huku. Cheche za utambi zinaanguka juu ya manyoya yake, na pembe ya baruti imetundikwa ubavuni pa mpandaji, shibiri chache tu kutoka kwenye moto. Waliojaribu hawakukosa, lakini mtu huyo alihitaji mikono minne, naye Mungu amempa miwili.

Jambo lililogeuza habari hiyo lilitoka kwa mafundi wa kufuli na wa saa. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 16 ulitokea mtambo mpya wa kuwashia baruti. Ndani yake mlikuwa na gurudumu dogo la chuma lililounganishwa na kamani; kamani ikakazwa kwa ufunguo, kama vile saa inavyotiwa ufunguo. Kifyatuo kilipovutwa, gurudumu lilizunguka ghafula na kulisugua jiwe, cheche zikarukia baruti. Moto haukuonekana hata dakika ile ya kupiga. Bastola iliweza kushindiliwa nyumbani, ikatiwa katika mfuko wa ngozi mbele ya tandiko, ikangoja hata saa ya haja. Iliweza pia kufichwa chini ya joho, na ndiyo sababu Kaisari Maximilian wa Kwanza alipiga marufuku bunduki za namna hiyo mwaka 1517. Marufuku hiyo haikufaa kitu. Miji ya Ujerumani kama Nürnberg na Augsburg ilikuwa na mafundi hodari, na wateja walikuwa wengi. Silaha ilikuwa ghali, mtambo wake ulikuwa mwepesi kuharibika, wala si kila fundi wa kijijini aliyeweza kuutengeneza. Lakini kwa mara ya kwanza mpanda farasi aliweza kupiga risasi kwa mkono mmoja.

Hapo walitokea wapanda farasi wa Kijerumani walioitwa Reiter. Walikuwa askari wa kukodiwa, wengi wao wakivaa deraya zilizopakwa rangi nyeusi, na kila mtu alichukua bastola mbili, pengine tatu, ya tatu ikichomekwa katika kiatu chake kirefu. Kabla yao, utukufu wa vita vya farasi ulikuwa wa mabwana wenye mikuki mirefu, waliofunzwa tangu utoto na kupanda farasi wakubwa wa thamani. Mtu wa bastola hakuhitaji farasi wa thamani hiyo, wala hakuhitaji miaka kumi ya mafunzo. Mabwana wa mikuki waliwadharau Reiter, kama watu wa kazi ya zamani wanavyowadharau watu wa kazi mpya. Lakini wafalme waliwaajiri kwa maelfu.

Reiter walikuwa na namna yao ya kupigana, nayo iliitwa kwa jina litokalo katika neno la Kihispania lenye maana ya konokono. Walijipanga kwa safu nyingi, moja nyuma ya nyingine. Safu ya kwanza ilisogea kwa mwendo wa kadiri hata karibu na adui, ikapiga, ikageuka upande, ikazunguka kwenda nyuma kushindilia tena. Safu ya pili ikaja mbele, kisha ya tatu, na kuendelea, hata kikosi kizima kikawa kinajizungusha kama gamba la konokono. Katika karatasi jambo hili ni zuri sana. Moto haukatiki, na farasi hawajitupi juu ya mikuki ya askari wa miguu.

Katika uwanja wa vita lilikuwa na ila kubwa. Aliyefundishwa kupiga kisha kugeuka, moyo wake wote huwa katika kugeuka. Safu ya kwanza ilijiona imekaribia kutosha ilhali bado iko mbali. Safu za nyuma, kwa kutoona, au kwa haraka ya kumaliza zamu yao, zilipiga hewani. Na mbele yao walisimama askari wa miguu ambao bunduki zao zilikuwa na mitutu mirefu na risasi nzito, ambao miguu yao ilikanyaga ardhi tulivu, na ambao hawakuwa na mnyama wa kutuliza. Mpanda farasi akisimama kushindana kupiga risasi na mtu wa miguu, amekubali kupigana kwa silaha dhaifu, juu ya kitako kinachotikisika, huku akiwa shabaha kubwa mara tatu kuliko mwenziwe. Aliyekuwa amelipiwa fedha nyingi ili awe mwepesi, sasa amesimama.

Mtu mmoja aliyeiona ila hiyo vizuri alikuwa Mfaransa, François de La Noue. Alipigana upande wa Waprotestanti katika vita vya dini vilivyoitesa Ufaransa tangu mwaka 1562. Mwaka 1570 mkono wake ulivunjwa na risasi, ukakatwa, naye akatengenezewa mkono wa chuma ambao uliweza kushika hatamu. Tangu hapo watu wakamwita Mkono wa Chuma. Baadaye alitekwa, akakaa kifungoni kwa Wahispania tangu mwaka 1580 hata 1585, na humo kifungoni aliandika kitabu juu ya siasa na vita, ambacho kilipigwa chapa mwaka 1587. Katika kitabu hicho alileta hoja iliyowashangaza wasomaji wake: kwamba kikosi cha watu wa bastola, kikitumiwa sawasawa, kitakishinda kikosi cha watu wa mikuki. Mabwana wenzake waliona ni matusi.

Tazama, msomaji, sharti aliyoiweka. Bastola, alisema La Noue, haifai kitu kwa mbali. Hupigwa karibu sana, hatua tatu tu, na mtu wa bastola huwa wa hatari hasa akiisha kuchanganyika na adui zake. Mkuki una pigo moja tu, nalo ni lile la kukutana. Baada ya hapo ni mti mrefu katika msongamano wa watu. Bastola, katika msongamano huohuo, huwekwa juu ya kiuno cha mtu au chini ya chapeo yake, ndipo hufanya kazi. Kwa hiyo wote wawili sharti wasonge mbele, na yule atakayesitasita ndiye aliyeshindwa.

Mwaka uleule kilipochapwa kitabu hicho, tarehe 20 Oktoba 1587, jambo hilo lilijaribiwa mahali panapoitwa Coutras. Henri wa Navarre, ambaye baadaye alikuwa mfalme wa Ufaransa, alipambana na jeshi la bwana mmoja kijana, Joyeuse. Wapanda farasi wa Joyeuse walikuja kwa mstari mrefu mwembamba, mikuki yao imefungwa tepe za rangi. Nao walianza kwenda shoti wakiwa bado mbali, hata walipofika farasi wamechoka na mstari umekatika. Watu wa Henri walikuwa wamepangwa kwa vikosi vya safu sita hivi, wakiwa na bastola na panga, na katikati ya vikosi waliwekwa askari wa miguu wenye bunduki. Hao walingoja hata adui alipokuwa karibu kabisa ndipo wakapiga, na papo hapo wapanda farasi wakaingia. Kazi ilikwisha asubuhi ile ile. Joyeuse aliuawa.

Sasa labda utasema, basi bastola imeshinda na mkuki umekufa. Ngoja kidogo. Tarehe 27 Septemba 1605, huko Kircholm karibu na mji wa Riga, katika nchi iitwayo leo Latvia, mfalme wa Uswidi Karl wa Tisa alisimama na watu wapatao 11,000. Jemadari wa Polandi, Chodkiewicz, alikuwa na watu 4,000 hivi, wengi wao wapanda farasi wenye mikuki. Wapanda farasi wa Uswidi walikuwa watu wa bastola waliozoea kupiga na kugeuka. Wapolandi hawakuwapa nafasi ya kugeuka. Walikuja shoti, mikuki mbele, wakapokea risasi chache, wakaingia katikati yao. Farasi wa Uswidi wakatimuliwa juu ya askari wao wenyewe wa miguu, na baada ya hapo ilikuwa mauaji. Mfalme aliokoka kwa shida.

Utaona ya kuwa Coutras na Kircholm hazigombani hata kidogo. Mahali pa kwanza mwenye bastola alikwenda mbele; mahali pa pili mwenye bastola alisimama. Chuma kilikuwa kilekile.

Mfalme Karl alikuwa na mwana jina lake Gustav Adolf, aliyekuwa mtoto wa miaka kumi siku za Kircholm. Alipotawala alipigana na Wapolandi hao hao kwa miaka mingi, akajifunza kwao kwa gharama kubwa. Akawakataza wapanda farasi wake mchezo wa konokono. Walio mbele waliruhusiwa kupiga bastola mara moja, karibu sana, kisha kila mtu avute upanga na kuingia. Bastola ya pili iwekwe kwa ajili ya msongamano. Na kwa kuwa alijua ya kwamba kazi ya risasi za mbali si ya farasi, aliwachukua askari wa miguu wenye bunduki akawaweka kati ya vikosi vya farasi. Tarehe 17 Septemba 1631, huko Breitenfeld katika Ujerumani, jemadari wa Kaisari aitwaye Pappenheim aliushambulia ubavu wa jeshi la Uswidi mara saba kwa wapanda farasi wake wa deraya. Kila mara walipokelewa kwa risasi za wale wa miguu, na kila mara, moshi ulipokuwa bado haujatawanyika, farasi wa Uswidi waliwatokea na panga. Baada ya mara ya saba walivunjika.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 16 Novemba 1632, mfalme huyo mwenyewe aliongoza farasi katika ukungu na moshi wa Lützen. Hakuvaa deraya ya chuma, kwa sababu risasi ya zamani iliyobaki mwilini mwake karibu na shingo ilimtia maumivu. Alivaa koti la ngozi nene. Alipigwa risasi mkononi, farasi wake akajeruhiwa shingoni, akatengwa na watu wake, akajikuta kati ya wapanda farasi wa adui. Hapo alipigwa mgongoni, akaanguka, na mwisho akapigwa kichwani. Koti lile lenye matundu liko hata leo katika jumba la makumbusho mjini Stockholm, pamoja na farasi wake Streiff, ambaye ngozi yake ilitunzwa.

Kama mfalme angalivaa chuma, je, angaliokoka? Hapana ajuaye. Lakini tunaye mtu mmoja aliyevaa chuma, na habari zake zinafaa kusimuliwa kwa utulivu, maana hapana maelezo yaonyeshayo uzito wa bastola kuliko hayo.

Uingereza nayo iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1642, Mfalme Charles wa Kwanza upande mmoja na Bunge upande wa pili. Katika vita vya kwanza vikubwa, huko Edgehill tarehe 23 Oktoba, Mwana wa Mfalme Rupert, mpwa wa Charles, aliwapitia wapanda farasi wake akawaambia waende wamesongamana, panga mkononi, wazipokee risasi za adui bila kujibu, wala wasipige bastola hata wameingia ndani ya safu zao. Wapanda farasi wa Bunge wakangoja wamesimama, wakapiga kwa mbali, wakakimbia. (Rupert naye alishindwa kuwazuia watu wake wasiwafukuze maili nyingi, hata wakakosekana uwanjani walipohitajiwa, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Katika upande wa Bunge alikuwako Sir Arthur Haselrig, aliyeunda kikosi cha wapanda farasi waliofunikwa chuma tangu kichwa hata magoti. Adui zao waliwaita kamba, yaani wale viumbe wa baharini wenye gamba gumu. Tarehe 13 Julai 1643, huko Roundway Down karibu na mji wa Devizes, kikosi hicho kilivunjwa, na Haselrig akajikuta anakimbia, nyuma yake akifuatwa na kapteni wa Mfalme aitwaye Richard Atkyns. Atkyns aliyaandika mambo hayo baadaye, naye hakujisifu kupita kiasi, jambo ambalo si la kawaida kwa askari waandikao.

Haselrig alipiga karabini yake kwa mbali, kisha bastola moja. Zote mbili zikakosa. Atkyns hakupiga. Alisonga hata mtutu wa bastola yake ukamgusa Haselrig, ndipo akavuta. Alimwona akiyumba, lakini hakuanguka. Akageuza farasi akakimbia. Atkyns alikuwa na farasi mwepesi zaidi. Akamfikia, akampiga kwa bastola ya pili, kichwani, mtutu ukigusa chapeo. Chapeo haikupenya. Akavuta upanga, akamjaribu tangu kichwa hata tandiko, asipate mahali pa kupenyeza. Akaja mwenziwe mmoja kumsaidia, naye akapiga bastola hali imegusana na deraya, ikawa kama ameumwa na kiroboto. Akaja mwingine, naye hivyohivyo. Mwisho Atkyns aliiacha deraya akamgeukia farasi, ambaye hakuvaa chuma, akamchoma hapa na pale hata akawa anavuja damu na kwenda polepole. Haselrig akawa tayari kujitoa, lakini kabla hajatekwa watu wake walikuja wakamwokoa. Mfalme Charles aliposikia habari hizo alisema kwa mzaha ya kuwa, kama Haselrig angalikuwa na akiba ya chakula kama alivyokuwa na boma, angaliweza kustahimili kuzingirwa kwa muda mrefu.

Hebu tuzihesabu risasi hizo. Mbili zilipigwa kwa mbali kidogo, zote zikapotea. Nne zilipigwa zikigusana na mwili, zote zikampata, hata moja isimwue, kwa sababu ya uzuri wa chuma chake. Na kila chuma hicho kilikuwa na bei: kilikuwa kizito, kilichosha farasi, na watu wachache sana waliweza kukinunua. Ndiyo maana wengi walipendelea kama Gustav Adolf koti la ngozi na wepesi, wakakubali hatari.

Hapa naomba ruhusa ya kurudi kidogo kwa wale watengeneza michezo. Ningalikuwa mmoja wao, nisingaliipunguza nguvu bastola ipigwapo kwa kugusana, wala nisingalirefusha sana muda wa kushindilia. Kuna kitu kingine ambacho kompyuta haiwezi kukipima. Kwa nini Haselrig, mtu shujaa, alipiga kwa mbali? Kwa nini Reiter walipiga hewani? Hawakukosa kujua, kila askari mzee aliwaambia wangoje. Walipiga mapema kwa sababu mtu anayekuja mbele alikuwa na bastola pia, na kidole cha mtu aogopaye hakingoji hatua tatu. Mchezaji wa siku hizi hana hofu hiyo. Akiuawa huinuka baada ya nukta kumi akapanda farasi mwingine. Kwa hiyo yeye hungoja hatua tatu bila kutetemeka, hupiga kama La Noue alivyotaka, na bastola mkononi mwake huwa na nguvu kuliko ilivyokuwa wakati wowote duniani. Waundaji huilaumu bastola, wakaipunguza. Kumbe kilichozidi ni ushujaa wa bure.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa njia mbili, na tunaweza kuzipita upesi. Njia ya kwanza ilikuwa kuondoa kupiga risasi juu ya farasi kabisa. Karl wa Kumi na Mbili wa Uswidi aliwapeleka watu wake kwa panga, na Frederick wa Pili wa Prussia, aliyeanza kutawala mwaka 1740, aliwakataza wapanda farasi wake kupiga wakati wa kushambulia. Njia ya pili ilikuwa ya watu walioitwa dragoon: hao walikuwa askari wa miguu waliopewa farasi wa bei rahisi wapate kufika upesi. Walipofika walishuka, mmoja wao akazishika hatamu za farasi kumi hivi, na wenziwe wakapiga bunduki hali wamesimama ardhini. Wa kwanza walisema farasi ni silaha. Wa pili walisema farasi ni gari.

Kwa muda wa karne mbili bastola ilibaki na risasi moja. Gumegume ililirithi gurudumu, na fataki ikairithi gumegume, lakini hesabu haikugeuka. Iligeuka Marekani. Mwaka 1836 Samuel Colt alipata hati ya bastola yenye silinda izungukayo, na ya kwanza ilipiga mara tano. Jeshi halikuitaka sana, na kiwanda chake kikafungwa mwaka 1842. Walioijua thamani yake walikuwa walinzi wa mpaka wa Texas, kwa sababu walipigana na Wakomanchi, ambao walikuwa katika wapanda farasi bora kabisa waliopata kuonekana, nao waliitetea nchi yao. Mkomanchi juu ya farasi aliweza kutoa mshale baada ya mshale wakati ambapo Mtexas alikuwa ameshuka chini kushindilia bunduki yake ndefu. Yaani kwa miaka 300 ya ufundi wa chuma na baruti, upinde juu ya farasi ulikuwa bado unaishinda bunduki juu ya farasi kwa wingi wa mapigo.

Mwezi Juni mwaka 1844, John Coffee Hays na watu wapatao 15 walikutana na kundi la Wakomanchi lililowazidi sana kwa hesabu. Safari hii hawakushuka. Walikwenda mbele na bastola za Colt, wakapiga wakiwa ndani ya kundi, na Wakomanchi, waliozoea kuja mbio mara tu bunduki zikiisha kulia, waliona risasi haziishi. Samuel Walker, aliyejeruhiwa siku ile, alishauriana baadaye na Colt juu ya bastola kubwa zaidi; ikatoka mwaka 1847, ya risasi sita, na uzito wake ulikuwa kilo mbili. Serikali iliagiza 1,000. Juu ya silinda yake palichorwa picha ya vita vile. Ukitazama vizuri utaona ni shauri lilelile la La Noue: ingia kati, piga kwa karibu. Tofauti ni kwamba sasa mtu akiisha kupiga alikuwa bado ana tano.

Wakati huohuo bunduki ya askari wa miguu ilizidi kuendelea mbele. Iliposhindiliwa kwa nyuma, ikapiga mbali na kwa upesi, farasi alikuwa shabaha ambayo mtu aliweza kuipata akiwa amelala chini. Katika vita vya Marekani vya miaka 1861 hata 1865 vikosi vingi vya farasi vilishuka kupigana, kila mtu wa nne akishika farasi. Makaburu wa Afrika ya Kusini, katika vita vya mwaka 1899 hata 1902, walifanya hivyo kwa ustadi mkubwa: walifika upesi, wakashuka, wakapiga kwa bunduki za Mauser toka nyuma ya mawe, wakapanda, wakatoweka. Yule dragoon alikuwa amerudi, naye sasa ndiye mkubwa.

Hivyo ndivyo desturi hii ilivyofika kwetu. Mwezi Agosti 1914, vita vya Waingereza na Wajerumani vilipozuka, walowezi wa Kizungu walikusanyika Nairobi, wengi na farasi na bunduki zao wenyewe, wakaunda kikosi cha East African Mounted Rifles. Tarehe 3 Novemba mwaka huo walipigana Longido, kusini ya Namanga, ng'ambo ya mpaka. Walifika kwa farasi. Walipigana kwa miguu katika magenge ya mlima ule, na shambulio halikufaulu. Mwaka 1916 Jenerali Van Deventer aliongoza wapanda farasi wa Afrika ya Kusini kutoka upande wa Kilimanjaro hata Kondoa Irangi, akauingia mji huo tarehe 19 Aprili katika mvua za masika. Risasi za Wajerumani hazikuwa adui mkubwa wa farasi wale. Waliwaua mbung'o, na maradhi ya farasi, na njaa, na matope; walikufa kwa mamia njiani, na waliofuata waliijua njia kwa harufu.

Farasi walipokwisha, na maksai na nyumbu walipokufa kwa mbung'o huyohuyo, mizigo ya jeshi, pamoja na masanduku ya risasi, ilipandishwa juu ya vichwa vya watu. Wapagazi hao waliandikwa kwa mamia ya maelfu katika Carrier Corps, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Ukipita Kariokor mjini Nairobi, au Kariakoo ya Dar es Salaam, unalitamka jina la kikosi chao.